Federal Register na Regulations.gov: Tathmini ya Gazeti la Serikali ya Marekani kwa Msomaji Mhamiaji

Kila siku ya kazi, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa sikukuu za kitaifa, serikali ya shirikisho ya Marekani huchapisha gazeti lake rasmi liitwalo Federal Register. Ndani yake wizara na mashirika ya serikali hutangaza kanuni zinazokusudia kutunga, kanuni zilizokwisha kutungwa, na matangazo mengine yanayowahusu raia na wageni, na pia humo ndimo zinamochapishwa amri za Rais. Gazeti hili husomwa bure katika tovuti ya FederalRegister.gov, na linakwenda sambamba na tovuti nyingine mbili ambazo ni vigumu kuzitenganisha nalo: Regulations.gov, ambako mtu yeyote anaweza kuandika maoni kuhusu kanuni inayopendekezwa, na eCFR, ambako kanuni zote zinazotumika kwa sasa zimekusanywa na kupangwa kwa mada. Nimekuwa nikizitumia kwa miaka kadhaa, hasa katika masuala ya uhamiaji, kwa sababu huwa nawasaidia wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani kujaza fomu zao. Naandika tathmini hii kwa kuwa naona jamii yetu inaumia kwa kutozijua.

Msomaji anaweza kuuliza gazeti la serikali linamhusu nini mtu anayefanya kazi ya ghala usiku na kulea watoto mchana. Jibu liko katika namna serikali ya Marekani inavyogawana kazi. Bunge, yaani Kongresi, hutunga sheria kwa maneno mapana, kisha huyaacha mambo mengi ya utekelezaji mikononi mwa wizara 15 na mashirika mengi yaliyo chini yake au kando yake. Hao ndio wanaoandika kanuni, na kanuni hizo zina nguvu ya sheria. Chukua ada ya kuomba uraia kwa fomu N-400. Hakuna mahali Sheria ya Uhamiaji na Uraia inapotaja dola 760. Sheria inairuhusu serikali kutoza ada zitakazofidia gharama ya kuwahudumia waombaji, na kiasi chenyewe huwekwa na Wizara ya Usalama wa Ndani kwa njia ya kanuni. Ukiingia eCFR, ambayo imegawanywa katika mafungu 50, utaikuta kanuni hiyo katika fungu la 8, linalohusu wageni na uraia, sehemu ya 106. Idara ya Uraia na Uhamiaji, inayojulikana kwa kifupi chake USCIS, hupata takribani asilimia 96 ya fedha zake kutokana na ada hizi, kwa hiyo inapopungukiwa, mkono wake huelekea kwa mwombaji.

Wanaoziandika kanuni kwa siku nyingi ni watumishi wa umma walioajiriwa kwa sifa na ujuzi, utaratibu ulioanzishwa na Sheria ya Pendleton ya 1883, miaka miwili baada ya Rais James Garfield kupigwa risasi na mtu aliyekuwa akitafuta cheo serikalini bila kukipata. Serikali ya shirikisho ina watumishi wa kiraia takribani milioni 2 bila kuhesabu wa posta, na kati ya hao wanaoteuliwa kisiasa ni kama 4,000 tu. Rais akibadilika, wateule huondoka na wapya huja na maagizo yao, lakini wachumi, wanasheria na wahasibu wanaoandaa rasimu wengi wao hubaki. Watu wa kwetu wana mazoea ya kulisema kila jambo kuwa ni la Rais, na mtu anayefikiri hivyo hungoja uchaguzi kwa miaka minne, wakati rasimu inayomgusa imewekwa wazi leo na mlango wa maoni utafungwa baada ya siku 60.

Wazo la kuweka kila kitu mahali pamoja lilitokana na aibu kubwa. Kesi ya kampuni ya Panama Refining, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Januari 1935, ilihusu wachimbaji wa mafuta wa Texas ya Mashariki, na katika kesi hiyo ilibainika kwamba kifungu ambacho serikali ilikuwa ikikitumia dhidi yao kilikuwa kimeondolewa bila kukusudia katika marekebisho ya 1933. Serikali yenyewe haikujua, wachimbaji hawakujua, na mahakama za chini hazikujua. Julai mwaka huohuo Kongresi ikapitisha sheria ya kuanzisha Federal Register, na toleo la kwanza likatoka tarehe 14 Machi 1936. Tangu hapo, hati inayotakiwa kuchapishwa humo haiwezi kumbana mtu ambaye hakuwa na habari nayo mpaka iwe imewasilishwa kwenye ofisi ya gazeti na kuwekwa wazi kwa umma.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1946, pale Rais Harry Truman alipotia saini Sheria ya Utaratibu wa Utawala. Sheria hiyo huitaka idara itangaze rasimu ya kanuni, itoe nafasi kwa watu wenye maslahi kuleta maoni ya maandishi, iyazingatie maoni hayo, kisha ieleze msingi na kusudi la kanuni inayoipitisha; na kwa kawaida kanuni isianze kutumika kabla ya siku 30 kupita tangu kuchapishwa. Sheria inasema watu wenye maslahi. Haikusema raia, na jambo hilo nalisisitiza kila ninapopata nafasi, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba asiye na pasipoti ya Marekani hana ruhusa ya kuandika. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuandika, mwanafunzi mwenye viza anaweza kuandika, na aliyeko Nairobi akingoja kuungana na mumewe anaweza kuandika pia.

Nimeipima huduma hii kwa jambo lililowagusa wengi wetu, nalo ni kanuni ya ada za uhamiaji ambayo rasimu yake ilichapishwa tarehe 4 Januari 2023. Ukiufungua ukurasa wa rasimu hiyo katika FederalRegister.gov, juu kabisa utaona maneno Proposed Rule, yaani kanuni inayopendekezwa, na chini yake vichwa vilevile vinavyoonekana katika kila hati ya aina hiyo: jina la idara, hatua inayochukuliwa, muhtasari, tarehe, anwani ya kupeleka maoni, na jina pamoja na simu ya ofisa wa kuulizwa maswali. Mpangilio haubadiliki kutoka wizara hadi wizara, iwe ni ya kilimo, ya kazi au ya uchukuzi. Ukishauzoea katika hati moja, umeuzoea katika zote, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuisifu huduma hii.

Manufaa ya mpangilio huo niliyaona kwa macho yangu. Wiki chache baada ya rasimu ile kutoka, sauti za WhatsApp zilienea katika jumuiya yetu zikisema kwamba ada zimepanda. Mama mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa amepewa hifadhi na sasa akitaka kuomba kadi ya kijani pamoja na watoto wake wadogo, alikuja na stakabadhi ya ofisi ya kujaza fomu iliyompigia hesabu ya dola 1,540 kwa kila mtoto. Ada iliyokuwa ikitumika wakati huo kwa mtoto wa chini ya miaka 14 anayeomba pamoja na mzazi ilikuwa dola 750. Tulifungua ukurasa kwa simu yake mwenyewe, nikamwonyesha yale maneno ya juu, kisha mahali pa tarehe palipoonyesha kwamba maoni yalikuwa bado yanapokewa hadi Machi. "Basi ndugu, ile franga yangu wataniregeshea?" akauliza. Tulichapa ukurasa wa kwanza wa rasimu na ukurasa wa ada zilizokuwa zikitumika, akaenda nazo, na tofauti akarudishiwa. Mtu aliyemtoza zaidi huenda alighafilika, huenda alikusudia. Karatasi mbili za serikali zilimaliza ubishi bila wakili.

Kutoka kwenye rasimu, kitufe kimoja hukupeleka Regulations.gov, kwenye jalada lenye namba USCIS-2021-0010. Jalada hilo lina rasimu yenyewe, hesabu za gharama zilizofanywa na wachumi wa idara, na maoni ya watu. Maoni ya kipekee yaliyopokewa yalizidi 5,400. Nilikaa nikisoma sehemu ya maoni hayo jioni nyingi, na nawashauri wengine wafanye hivyo hata kama hawana nia ya kuandika, kwa sababu humo utawaona wazazi, makanisa, vyuo vikuu, mawakili wa kujitolea, waajiri na mashirika ya wahamiaji wakizungumza na serikali moja kwa moja, kila mmoja kwa kiwango chake cha Kiingereza, na maoni yao yote yamewekwa kwenye rafu moja.

Kanuni ya mwisho ilichapishwa tarehe 31 Januari 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili mwaka huo. Ina karibu kurasa 200 za gazeti, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ni majibu. Idara huweka hoja za walioandika chini ya neno Comment, kisha chini ya neno Response hueleza imekubali nini, imekataa nini na kwa nini. Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya huduma hii. Nyumbani Afrika Mashariki tunalo Gazeti la Serikali, na Kenya ina ushirikishwaji wa umma uliowekwa na Katiba ya 2010, lakini mazoea ya idara kukujibu hoja kwa hoja, kwa maandishi yatakayoweza kusomwa na jaji, ni kitu ambacho natamani kila nchi ingekuwa nacho.

Majibu hayo yalikuwa na uzito wa fedha. Rasimu ilitaka mtoto wa chini ya miaka 14 anayebadilisha hadhi, yaani anayeomba kadi ya kijani akiwa Marekani, pamoja na mzazi alipe sawa na mtu mzima, dola 1,540. Kanuni ya mwisho ilimwekea dola 950, na ya mtu mzima ikashuka hadi 1,440. Kwa familia ya wazazi wawili na watoto watatu wadogo, ada za zamani zilikuwa jumla ya dola 4,700 pamoja na alama za vidole za wazazi. Rasimu ingewafikisha 7,700. Kanuni ya mwisho iliwaweka kwenye 5,730. Katika maombi ya uraia, rasimu ilipendekeza dola 760, na kanuni ya mwisho ikabakisha kiasi hicho kwa fomu ya karatasi, ikakifanya 710 kwa anayejaza mtandaoni, na kuruhusu ada iliyopunguzwa ya dola 380 kwa kaya ambazo kipato chake hakizidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali, wakati hapo awali nafuu ya aina hiyo iliishia asilimia 200. Wafanyakazi wengi wa viwandani na wauguzi wasaidizi ninaowafahamu wamo ndani ya nafasi hiyo mpya, na wengi wao walilipa ada kamili kwa kutojua.

Haki inanitaka niseme pia mahali ambapo idara ilisikia na bado ikakataa. Chini ya utaratibu wa zamani, kibali cha kazi kwa anayengoja kadi ya kijani kilikuwa ndani ya ada ileile. Kanuni mpya ilikitenga, na anayekihitaji huongeza dola 260. Watu wengi walipinga katika maoni yao. Idara ilieleza hesabu zake na kuendelea na mpango wake. Maoni hayapigiwi kura, na tovuti yenyewe inatahadharisha kuhusu hilo: hoja moja yenye ushahidi huweza kuwa na uzito kuliko barua elfu zilizonakiliwa. Anayeingia akitarajia kushinda kwa wingi wa watu atavunjika moyo.

Kabla rasimu haijafika gazetini, na tena kabla kanuni ya mwisho haijachapishwa, kanuni kubwa hupitiwa na ofisi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1980, iliyoko katika ikulu chini ya Ofisi ya Usimamizi na Bajeti. Baada ya kuchapishwa, Kongresi ina uwezo, chini ya sheria ya 1996, wa kuitengua kwa azimio, na mahakama zina uwezo wa kuizuia. Hili la mahakama tuliliona katika ada hizihizi: kanuni ya ada ya 2020, iliyokuwa ianze tarehe 2 Oktoba, ilizuiwa na jaji wa shirikisho huko California siku chache kabla, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya mashaka kuhusu uhalali wa uteuzi wa kaimu waziri. Ndiyo maana ada za Desemba 2016 zilidumu hadi 2024. Uwezo wa mahakama uliongezeka tena Juni 2024, pale Mahakama ya Juu, katika kesi ya wavuvi wa samaki aina ya heringi iitwayo Loper Bright, ilipoufuta msimamo wake wa 1984 uliowataka majaji wakubali tafsiri ya idara pale sheria isipokuwa wazi. Yote haya yanafuatilika kwenye tovuti hizi, ingawa uamuzi wa mahakama hauonekani papo hapo kwenye ukurasa wa kanuni iliyozuiwa, na hilo ni pungufu linaloweza kumpotosha msomaji anayeingia kwa mara ya kwanza.

Pungufu kubwa zaidi halitokani na tovuti bali na sheria yenyewe. Utaratibu wa maoni una milango ya pembeni. Idara inaweza kusema kuna sababu njema ya kutosubiri, ikachapisha kanuni inayoanza mara moja na kuomba maoni baadaye. Masuala ya kijeshi na ya mambo ya nje yamesamehewa kabisa, na tarehe 14 Machi 2025 Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alichapisha katika gazeti hilihili uamuzi kwamba juhudi zote za serikali za kudhibiti kuingia na kutoka kwa watu na bidhaa mipakani ni kazi ya mambo ya nje. Miongozo ya ndani ya idara nayo mara nyingi haipitii njia hii. Na pale Kongresi inapoweka ada yenyewe, hakuna cha kujadili: sheria kubwa ya bajeti ya Julai 2025 iliweka dola 100 kwa ombi la hifadhi, ambalo kabla ya hapo halikuwa na ada, na tangazo la USCIS la tarehe 22 mwezi huo lilikuja kutujulisha tu. Hata hivyo tangazo lilichapishwa, na anayelisoma anajua ni nani aliyeamua na aende kulalamika wapi, yaani kwa mbunge wa wilaya yake.

Hata katika amri za Rais, ambazo hazipokei maoni, gazeti limetusaidia. Tangazo la Juni 2025 la kuzuia raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani lilizua hofu kubwa miongoni mwa Wakongo wa jumuiya yetu, kwa kuwa ujumbe uliozunguka ulisema Kongo imefungiwa. Maandishi ya tangazo yanasema Jamhuri ya Kongo, ambayo mji mkuu wake ni Brazzaville. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwamo. Burundi ilikuwamo, kwa kizuizi cha sehemu, na aina za viza zinazohusika zimetajwa kwa herufi na namba zake. Dakika chache za kusoma hati yenyewe zilituliza watu ambao walikuwa wameanza kuahirisha harusi na mazishi.

Sasa niseme kuhusu matumizi ya kila siku. FederalRegister.gov, ambayo ilizinduliwa kwa sura yake ya kisasa Julai 2010, ni nyepesi kwenye simu, haidai akaunti, na inapakia haraka hata kwa intaneti hafifu. Kila siku ya kazi saa 2:45 asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani huwekwa hati zitakazochapishwa siku inayofuata, na mara nyingine mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu mwenye bidii huziona kabla ya magazeti ya kawaida kuziandika. Unaweza kutafuta kwa jina la idara, kwa tarehe ya mwisho ya maoni au kwa fungu la kanuni. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba maandishi ya ukurasa huo si toleo rasmi kisheria. Toleo rasmi ni la PDF, ambalo kiungo chake kipo palepale pembeni. Ukipeleka karatasi kwa wakili au mahakamani, chapa hiyo ya PDF.

Regulations.gov sijaridhika nayo kwa kiwango hicho. Utafutaji wake ni mgumu, na ukiandika neno la kawaida hukuletea hati za miaka mingi zikiwa zimechanganyika. Barua za kampeni zilizonakiliwa hujaza kurasa na kuyafunika maoni yenye maarifa. Baadhi ya mashirika, kama vile tume ya mawasiliano FCC, yana mfumo wake wa kupokea maoni, na mgeni hawezi kulijua hilo mpaka atafute bila kupata. Kwa upande mwingine, fomu yenyewe ya kuandika ni rahisi: kisanduku kinachopokea hadi herufi 5,000, nafasi ya kuambatanisha faili, na hiari ya kuandika kwa jina lako, kwa jina la shirika, au bila jina. Ukimaliza unapewa namba ya kufuatilia. Iandike mahali, kwa sababu maoni huchukua siku kadhaa kabla ya kuonekana hadharani.

Na yataonekana hadharani. Nawasihi wenzangu wasiandike humo namba ya mgeni inayoanza na herufi A, anwani ya nyumbani, namba ya hifadhi ya jamii, wala simulizi la kesi yao ambayo bado haijaamuliwa. Kesi yako ina njia yake. Maoni ya kanuni hufaa zaidi yanapoonyesha jambo ambalo ofisa aliyeko Washington hawezi kuliona kutoka kwenye meza yake: mshahara wa saa wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama ukilinganishwa na ada, umbali wa kwenda kupigwa alama za vidole kwa asiye na gari, au ugumu wa kupata cheti cha kuzaliwa kwa mtu aliyezaliwa katika kijiji cha Kivu wakati wa vita. Taja namba ya kifungu, eleza tatizo, pendekeza maneno mbadala. Aya tatu zilizoandikwa kwa utulivu zinatosha.

Lugha ndiyo inayonifanya nishindwe kuipa huduma hii alama zote. Kila kitu kiko kwa Kiingereza cha kisheria, na matangazo ya uhamiaji huwa yanataka maoni yawe kwa Kiingereza au yaambatane na tafsiri yake. Amri ya Rais ya mwaka 2000, iliyozitaka idara ziwahudumie pia watu wasiojua Kiingereza vizuri, ilifutwa Machi 2025, kwa hiyo sitarajii muhtasari wa Kiswahili kutoka Washington hivi karibuni. Tafsiri ya kivinjari inasaidia kupata picha ya jumla, lakini nimeiona ikichanganya rasimu na kanuni iliyopitishwa, kosa lilelile lililomgharimu yule mama, na siwezi kumshauri mtu aitegemee kwa tarehe na fedha. Kazi hii ingeweza kufanywa na sisi wenyewe: misikiti, makanisa na vyama vyetu vina vijana waliosoma hapa, wanaokijua Kiingereza cha shuleni na Kiswahili cha nyumbani, na muhtasari wa kila rasimu hauzidi aya moja au mbili. Kijana mmoja katika kila jumuiya akijitolea kuusoma na kuusema kwa sauti baada ya ibada, tutakuwa tumefanya zaidi ya tunavyofanya sasa.

Naipa FederalRegister.gov nyota nne na nusu kati ya tano, eCFR nyota nne, na Regulations.gov nyota tatu. Nazipendekeza zaidi kwa wanaosaidia wengine kujaza fomu, kwa viongozi wa vyama vya wahamiaji, na kwa wafanyabiashara wadogo, maana anayeendesha lori kati ya majimbo au kuingiza vyakula kutoka Mombasa na Zanzibar atazikuta humo kanuni za uchukuzi na za chakula zikitangazwa kwa utaratibu uleule. Anayependa kuanza bila kujichosha aende kwenye ukurasa wa idara ya USCIS ndani ya FederalRegister.gov, abonyeze kitufe cha Subscribe, na aweke barua pepe yake. Siku ambayo idara hiyo ina hati gazetini, atapelekewa kiungo chake bila malipo. Atakapokifungua, asome kwanza neno lililoko juu linaloeleza aina ya hati, kisha ashuke moja kwa moja hadi kwenye tarehe.